Barabara inapoteleza: Jinsi ya kulimudu gari lenye mzigo msimu wa mvua

Kila msimu wa mvua unapofika, safari za mizigo katika ukanda wetu hubadilika. Barabara ile ile ambayo dereva aliipita wiki iliyopita bila shida, iwe ya Dar es Salaam hadi Tunduma au Mombasa hadi Malaba, huwa barabara nyingine kabisa baada ya nusu saa ya mvua. Lami haijabadilika, lori halijabadilika na dereva ni yule yule. Kilichopungua ni mshiko wa tairi barabarani.

Katika nchi za baridi somo hili hufundishwa kwa ajili ya theluji na barafu. Huku kwetu adui ni maji, tope, udongo wa mfinyanzi na dizeli iliyomwagika. Kanuni, hata hivyo, ni moja. Tairi halichagui linateleza juu ya kitu gani.

Makala haya yanaeleza kwa nini gari huteleza, nini cha kufanya kabla na wakati wa kuteleza, na kwa nini mwenye mzigo naye ana sehemu yake katika jambo hili hata kama hajawahi kushika usukani.

MSHIKO NI MTAJI MMOJA

Vijana wa mjini huita fedha "mshiko", na mfano huo unafaa sana hapa. Kila tairi lina mtaji mmoja wa mshiko, nao hutumika kwa kazi tatu: kuongeza mwendo, kupunguza mwendo na kukata kona. Ukiutumia wote kwenye breki, hakuna unaobaki wa kukata kona. Ndiyo maana dereva anayekanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona hukata usukani, lakini gari likaendelea moja kwa moja hadi mtaroni. Usukani haukuharibika. Mtaji ulikuwa umekwisha.

Kwenye lami kavu mtaji ni mkubwa, na makosa madogo husamehewa. Lami ikilowa, hubaki nusu au zaidi kidogo. Kwenye tope hubaki chini ya theluthi, na kwenye barafu karibu moja ya saba tu.

Kutokana na hayo ipo kanuni moja ambayo dereva akiishika imemtosha: fanya jambo moja kwa wakati mmoja. Punguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Kata kona bila breki. Ukishatoka kwenye kona, ongeza mafuta taratibu.

HESABU YA KUSIMAMA

Tuchukue gari lenye breki nzima linalokwenda km 80 kwa saa kwenye barabara tambarare. Kwa hesabu za kawaida za fizikia, tangu breki zishike hadi gari lisimame, umbali unakuwa takriban hivi:

- Lami kavu: mita 36
- Lami iliyolowa: mita 63
- Tope, au theluji iliyoshindiliwa: mita 126
- Barafu: mita 250

Hapo hatujahesabu muda wa dereva kuona hatari na mguu wake kufika kwenye breki. Kwa sekunde moja na nusu tu, gari la km 80 kwa saa huwa limekwishakwenda mita 33 nyingine. Malori yenye breki za upepo huongeza kidogo tena, kwa sababu upepo huchukua muda kufika kwenye magurudumu ya nyuma ya tela.

Mteremko nao una hesabu yake. Kwenye mteremko wa asilimia 8, zile mita 63 za lami iliyolowa huwa karibu mita 79. Kwenye tope, mita 126 huwa zaidi ya mita 200.

Sasa punguza mwendo hadi km 40 kwa saa. Kwenye lami iliyolowa gari litasimama kwa mita 16 tangu breki zishike. Mwendo umepungua nusu, lakini umbali wa breki umepungua hadi robo. Hakuna kifaa, tairi wala ufundi wa usukani unaompa dereva faida kubwa kiasi hicho bila kulipa chochote.

Ukomo wa km 80 kwa saa waliowekewa wenye malori nchini Tanzania ni ukomo wa sheria. Mvua huweka ukomo wake, nao huwa chini ya hapo.

MAHALI PA KUJIHADHARI

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi. Barabara huwa imekusanya vumbi, mpira wa matairi na matone ya oili kwa miezi kadhaa. Mvua ndogo huvichanganya vikawa kama sabuni. Mvua kubwa ikiendelea, uchafu huo huoshwa na mshiko hurudi kiasi. Kwa hiyo manyunyu yasikudanganye.

Pili ni sehemu ambazo malori mengi husimama au hupanda kwa shida: karibu na mizani, kwenye foleni za mipakani na kwenye milima. Hapo dizeli na oili hudondoka kila siku.

Tatu ni mifereji inayochimbwa na magurudumu ya malori kwenye lami. Maji hutuama humo hata baada ya mvua kukatika. Dereva asiyetazama huendesha kilomita nyingi ndani ya maji bila kujua.

Nne ni makutano ya barabara za vumbi na lami. Matrekta na pikipiki huingiza tope barabarani, na sehemu ya mita 20 tu yenye tope yatosha kulipotosha tela.

Tano ni milima na miteremko inayojulikana: Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, Mlima Nyoka na Iwambi huko Mbeya, kipande cha Mau Summit hadi Salgaa nchini Kenya, na vilima vya Kabale kuelekea mpaka wa Uganda na Rwanda. Maeneo kadhaa kati ya haya hupata pia ukungu, hivyo utelezi na kutoona mbele vinaweza kumkuta dereva kwa pamoja.

MATAIRI NA UPEPO

Meno ya tairi kazi yake kubwa wakati wa mvua ni kusukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Tairi kipara halina njia ya kupitisha maji. Katika nchi nyingi za Ulaya sheria inataka meno ya gari dogo yasipungue mm 1.6, lakini kwa barabara yenye maji ni busara kubadilisha mapema, yanapokaribia mm 3.

Maji yakizidi uwezo wa meno, tairi hupanda juu ya maji likaacha kugusa barabara. Hapo usukani huwa mwepesi ghafla, na gari huelea kama mtumbwi. Jambo hili hutegemea sana upepo wa tairi. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu, tairi lenye upepo wa psi 30 huweza kuanza kuelea kwenye maji yaliyotuama kuanzia karibu km 90 kwa saa. Upepo ukipungua hadi psi 20, huanza karibu km 74 kwa saa. Wenye pikapu na Hiace za kubeba bidhaa walizingatie hili. Kupunguza upepo ili gari "likae vizuri" kwenye mvua ni kosa.

Malori hujazwa upepo mwingi zaidi, hivyo lori lenye mzigo haliwi rahisi kuelea. Lakini lori tupu ni jambo jingine. Tairi lisilo na uzito juu yake hugusa barabara kwa eneo dogo, na huweza kuelea kwa mwendo wa kawaida wa safari. Dereva anayerudi bandarini bila mzigo, akiwa amechoka na anawahi zamu, ajue kwamba lori lake sasa linateleza kwa urahisi kuliko lilivyokuwa likienda.

BREKI, GIA NA MITEREMKO

Chagua gia kabla ya kuanza kuteremka, siyo katikati. Gia iwe nzito kiasi cha kulizuia lori bila kukaa juu ya breki muda wote. Kuteremka kwa nyutro ili kuokoa mafuta ni hatari wakati wowote. Wakati wa mvua ni hatari maradufu, kwa sababu kazi yote huachiwa breki, na breki zikipata moto huishiwa nguvu.

Breki ya injini ni msaada mkubwa kwenye lami kavu. Kwenye utelezi itumie kwa uangalifu. Breki hiyo hushika magurudumu yanayovuta tu. Lori likiwa tupu na barabara ikiwa na maji, magurudumu hayo huweza kuteleza na kichwa cha lori kikageuka.

Gari lenye mfumo wa ABS halihitaji breki za kupampu. Kanyaga na uendelee kukanyaga, mfumo utafanya kazi yake, nawe utaweza kukata usukani. Gari lisilo na ABS likanyagwe kwa kiasi. Magurudumu yakifunga, achia kidogo hadi yazunguke, kisha kanyaga tena.

Ukivuka maji marefu, breki hulowa na kupoteza nguvu. Zikaushe kwa kukanyaga polepole mara chache kabla ya kurudi kwenye mwendo wako. Na maji yanayotiririka juu ya barabara usiyadharau. Kina cha sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi. Kama huoni chini, subiri.

GARI LIKIANZA KUTELEZA

Kuna aina nne za kuteleza ambazo dereva wa mizigo hukutana nazo.

1. Mbele kunateleza. Umekata usukani lakini gari linakwenda moja kwa moja. Achia mafuta, usikanyage breki, wala usiongeze kukata. Rudisha usukani kidogo hadi matairi ya mbele yashike, kisha kata tena taratibu.

2. Nyuma kunateleza. Mkia wa gari unatoka pembeni. Achia mafuta na breki, na ukate usukani kuelekea upande ule mkia unakokwenda. Mkia ukienda kulia, kata kulia. Gari likianza kunyooka, rudisha usukani mapema, la sivyo litakwenda upande wa pili. Macho yawe kule unakotaka kwenda. Dereva akiukazia macho mti, mikono huufuata.

3. Kichwa cha lori kinajikunja. Magurudumu yanayovuta yamefunga, na tela linakisukuma kichwa hadi vinakunjana kama kisu. Dawa ni moja: achia breki mara moja, pamoja na breki ya injini, ili magurudumu yazunguke tena. Huwa kuna muda mfupi sana. Ikishapita pembe fulani hakuna fundi wa usukani atakayeirudisha.

4. Tela linayumba. Hili huonekana kwenye vioo kwanza. Magurudumu ya tela yamefunga na tela linataka kulipita lori. Achia breki hadi tela linyooke. Usijaribu kulizuia kwa breki ya mkono ya tela. Ndiyo hiyo inayoyafunga magurudumu hayo.

Katika aina zote nne jibu la kwanza ni kuachia, siyo kukanyaga. Ni jambo gumu kwa mguu uliozoea, kwa hiyo lizungumzwe na lifanyiwe mazoezi uwanjani, kwa mwendo mdogo, kabla mvua hazijaanza.

Kuna pia kosa la ukingoni. Malori mawili yanapishana, tairi la kushoto linashuka kwenye ukingo laini uliolowa. Dereva hushtuka na kuvuta usukani kulia kwa nguvu. Tairi hushika lami ghafla, na lori huruka upande wa pili au hupinduka. Njia salama ni kuushika usukani umenyooka, kuachia mafuta, kuruhusu mwendo upungue na kurudi barabarani taratibu mahali ambapo ukingo si mrefu.

KWENYE BARABARA ZA UDONGO

Bado mizigo mingi huanzia au kuishia kwenye barabara za vumbi: mazao kutoka vijijini, au bidhaa zinazoingia mashariki ya Kongo. Udongo mweusi wa mbuga ndio mbaya zaidi, kwa sababu hugandamana kwenye tairi hadi meno yote yakazibwa.

Ondoka kwa gia ya pili na mafuta kidogo. Shika mwendo mdogo usiobadilika. Kama lori lina loki ya difu, ifunge kabla ya kuingia topeni na uifungue ukifika pagumu, maana ikiwa imefungwa gari hukataa kukata kona. Magurudumu yakizunguka pale pale, acha mara moja. Kila mzunguko huchimba shimo. Jembe, mbao mbili na mnyororo huokoa siku nzima.

WANAOKWENDA KUSINI

Baadhi ya malori ya ukanda huu hupita Tunduma na Nakonde, yakavuka Zambia na kuendelea hadi Afrika Kusini. Huko Juni hadi Agosti ni majira ya baridi, na theluji huweza kuanguka hata baada ya hapo. Septemba 2024 theluji nzito ilifunga barabara ya N3 kati ya Johannesburg na Durban eneo la Van Reenen, na magari mengi yakakwama usiku kucha.

Dereva aliyezoea mvua ajue mambo matatu. Kwanza, kuna barafu nyembamba isiyoonekana. Lami huonekana imelowa tu, lakini sauti ya matairi hupotea na usukani huwa mwepesi. Pili, madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu baridi huyapata juu na chini. Tatu, barabara ikifungwa, subiri mahali penye mafuta na chakula, na uwe na blanketi ndani ya kebini.

SEHEMU YA MWENYE MZIGO

Ajali nyingi za utelezi huanza kwenye simu. Mwenye mzigo anapiga: umefika wapi, meli inaondoka, mteja anangoja. Dereva aliyekuwa ameamua kulala Ruaha Mbuyuni hadi mvua ikatike anawasha gari na kuupanda Kitonga usiku. Mfanyabiashara hakushika usukani, lakini ameutumia mtaji wa tairi akiwa ofisini.

Inashauriwa makubaliano ya usafirishaji ya msimu wa mvua yawe na siku za ziada, na yaseme wazi kwamba dereva ana haki ya kusimama hali ikiwa mbaya bila kukatwa fedha. Aidha, uzito uheshimiwe. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa juu wa tani 56, na kila ekseli ina ukomo wake. Mzigo uliopangwa upande mmoja au uliofungwa vibaya huhama kwenye kona na kulivuta lori nao.

Mjue pia bima yenu inalipa nini. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, inahusu madhara kwa watu wengine katika nchi unazopita. Si bima ya mzigo wako, wala ya lori lako. Mzigo unahitaji bima yake ya safari.

Kwa mzigo wa transiti, ajali ni suala la forodha pia. Ushuru wa mzigo huo haujalipwa, na kuna dhamana iliyowekwa. Lori likipinduka, polisi na forodha wa nchi uliyomo wapewe taarifa mapema, na lakiri isivunjwe wala mzigo usihamishiwe lori jingine bila ofisa wa forodha. Vinginevyo aliyeweka dhamana anaweza kudaiwa ushuru wa bidhaa zilizokwishaharibika.

Kwa malori ya mafuta kuna onyo la pekee. Watu zaidi ya 100 walikufa Sachangwan, Kenya, Januari 2009, na wengine zaidi ya 100 Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, baada ya malori ya mafuta kupinduka na watu kukusanyika kuchota. Utingo na dereva walio wazima kazi yao ya kwanza ni kuwazuia watu wasisogee na kuomba polisi na zimamoto.

Na walio kando ya barabara tusiwasahau. Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya, likawafagia watu waliokuwa wakiuza na kununua pembeni ya barabara. Zaidi ya 50 walikufa, wengi wao wachuuzi na waendesha bodaboda. Nao walikuwa wafanyabiashara kama sisi.

KABLA YA KUONDOKA

Kagua meno na upepo wa matairi yote, na la akiba. Jaribu breki za kichwa na za tela. Badilisha wipa zilizochoka. Safisha taa. Kaza kamba za mzigo tena baada ya kilomita 50 za kwanza. Waulize madereva wanaotoka kule unakokwenda hali ya barabara ikoje. Habari zao ni mpya kuliko za redio.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika biashara ya mipakani, mzigo uliochelewa siku moja bado ni mzigo, na deni lake hulipika. Uliopinduka Kitonga huleta hesabu nyingine, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo hailipwi kwa fedha.